Chupa Niliyoisoma kwa Sauti

Jumamosi, 3 Mei
Soko limependeza leo. Meza kumi na moja, vitambaa vimefuliwa, mboga bado zina umande. Mimi na Somo tumegombana tangu saa kumi na mbili — amesema karoti zangu zimepinda kama vidole vya marehemu mume wangu. Nimemwambia vidole vile alivitamani. Tumecheka mpaka tukakohoa. Jina lake na langu ni moja, ndiyo maana tunaitana Somo, tangu tunacheza na matope. Yeye ana meza ya getini, yenye kivuli. Mimi niko nyuma, karibu na choo. Mama mmoja wa viatu vyeupe ameniuliza kama karoti zangu ni za kilimo hai. Nimemwambia zilikuwa hai mpaka nilipozing'oa. Amenunua.

Jumatano, 7 Mei
Siku ya kukaguana. Kila mwenye meza anakaguliwa shambani na wenzake, asije akawa na dawa ya dukani. Mimi, katibu wa soko na mfuga nyuki tumepangiwa kwa Somo. Shamba safi. Kibandani, nyuma ya majembe — chupa ya kijani, ina karatasi ubavuni. Katibu alisahau miwani. Nikasema, nipe. Mwaka mzima mjukuu wangu ananifundisha herufi kwenye meza ya jikoni, na sijawahi kusoma kitu mbele za watu. Su. Mu. Ya. Wa. Du. Du.
Somo akasema ndani ni pilipili na sabuni, chupa aliiokota tu, yeye atajuaje imeandikwa nini. Nikasema karatasi haina sababu ya kunidanganya. Katibu akaitia chupa kwenye mfuko unaoonyesha ndani, akapiga fundo. Ushahidi haufunguliwi.
Jamani, nimesoma.

Jumamosi, 10 Mei
Tumekusanyika kabla ya wateja. Mwenyekiti amenisimamisha juu ya kreti. Nimesoma karatasi yote, taratibu, hata pale pa kunawa mikono. Watu wamenipigia makofi. Mjukuu wangu amelia kwa furaha. Somo alikuwa amesimama na kitambaa chake cha meza mkononi, hajui akitandike au akikunje. Nikamwambia akikunje. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.
Ameniuliza kitu kimoja tu: "Hata kuinusa hukuinusa?"
Nikamjibu siku hizi sinusi, nasoma. Watu wakacheka.
Anaishi peke yake yule. Jumamosi ndiyo siku pekee anayosikia mtu mwingine akipiga chafya. Hilo nililijua wakati nasema.
Meza ya getini nimepewa mimi. Hata kibao hawakubadilisha, jina ni lile lile. Saa nne nilikuwa nimeuza kila kitu. Nimefurahi. Sijidanganyi.

Jumapili, 11 Mei
Mchicha wake aliuacha chini ya meza. Nimewamwagia kuku. Wamekanyaga mchicha, wanagombania viwavi. Viwavi wanene, wazima, na kila jani limetobolewa kama chujio. Nimekaa juu ya ndoo. Mboga iliyopuliziwa sumu haifugi kiwavi mnene, nalijua hilo tangu utoto. Na majani yale nimeyashika kila wiki, kwa mikono hii.
Sikula.

Jumatatu, 12 Mei
Nimefungua chupa mbele ya katibu, nimeilamba. Machozi, kamasi, povu — pilipili tupu. Nikamwambia, andika basi kwamba nilikosea. Amesema, Bibi, kumbukumbu za kikao zimeshaandikwa, na msomaji ulikuwa wewe. Wateja wamelisifu soko kwa ukali wake, tukigeuka leo nani atatuamini. Mpaka ukaguzi wa mwakani.
Nimemwita mjinga. Na mimi nimejiita hivyo hivyo njia nzima.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda kwa Somo. Nimemkuta anapalilia. Nimemwambia nimekukosea. Amepalilia mpaka miguuni pangu, halafu akasema nisogee, nimekanyaga tuta.

Jumamosi, 17 Mei
Naandika hapa hapa sokoni, daftari gotini. Somo ameingia getini na kapu, kama mteja. Amekuja moja kwa moja mezani kwangu. Amegeuzageuza mchicha wangu jani kwa jani, kisha ameuliza, sauti ya kufika barabarani: "Bibi, huu umepuliziwa nini?"
Mama wa viatu vyeupe amerudisha fungu alilokuwa ameshika. Nikasema haukupuliziwa kitu, na wewe unajua.
"Nitajuaje, mwenzangu? Mimi si sijui kusoma."
Amenyofoa jani, amelitia mdomoni bichi, akaketi chini mbele ya meza yangu. Tungoje, amesema, tuone kama nitakufa.
Watu wamefanya duara. Hakuna anayenunua, kwangu wala kwa wengine.
Nimepanda kwenye kreti. Nimesema chupa ilikuwa ya pilipili, aliyekosa ni mimi, kuinusa sikuinusa. Hakuna aliyepiga makofi. Nimeteremka, nimeketi chini kando ya Somo, nimechukua jani na mimi. Hajanisogezea nafasi. Hajanifukuza pia.
Tunatafuna.
Mwenyekiti alikwenda ofisini kwake, amerudi na karatasi yenye muhuri. Ameniwekea mapajani, kaondoka.
"Soma," Somo amesema. "Kwa sauti, kama siku ile."
Nimeshaisoma kimya mpaka chini. Inanitoa mimi sokoni. Yeye haimrudishi. Meza ya getini anapewa mfuga nyuki.
Naweza kumsomea lolote nitakalo. Hatajua.
"Mbona kimya?" anasema, jani lingine liko mdomoni. "Herufi zimekuishia?"