Mzani wa Mafuta

Jumapili, 2 Machi

Nabonyeza hapa, nasema, simu inaandika. Tarehe inajiwekea yenyewe. Kusoma sijui, lakini ikinisomea nasikia kabisa ni mimi huyu.

Leo mwanangu kaleta mzani. Si ule wa sokoni! Wa kioo, mweusi, kama sinia. Unapanda peku, unalia ti, halafu mwanamke aliye humo ndani anataja kilo zako, na mafuta yako. Mafuta ya mwilini! Na hajakufungua hata kifungo. Mwanangu akabonyezabonyeza, akaujaza umri na urefu wa kila mtu. Mimi nikatoka thelathini na moja kwa mia. Mke wake, thelathini na tisa.

Nyumba ilikuwa imejaa. Binti yangu mkubwa na mumewe, na shoga yangu wa mlango wa pili, muuza mitumba. Nikasema, oneni, kizee nimemshinda mwari! Shoga akasema apande tena, labda mashine imekosea. Akapanda. Thelathini na tisa na nusu. Ndipo mdomo wangu huu — nikasema, tumbo la mkate lipo, la mtoto ndio halipo.

Walicheka. Na yeye alicheka. Kisha akaanza kukusanya vyombo, na hakuna aliyekuwa amemaliza kula.

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu kaondoka na lori lake, wiki mbili. Tumebaki wawili, mimi na mkwe.

Asubuhi nilipanda mzani, thelathini na tatu. Nikashtuka! Nikanywa maji vikombe viwili, nikaosha miguu, nikapanda bila kujifuta. Thelathini. Nikafurahi kama mjinga. Sikujiuliza mafuta yamekwenda wapi kwa muda wa kuosha miguu. Au nilijiuliza — nilijiuliza, nikanyamaza. Namba ilikuwa nzuri.

Mkwe anapiga pasi kwenye kiwanda cha sare. Kutwa kasimama kwenye mvuke. Anarudi midomo imekauka, hajavua hata mkoba, anapanda. Leo arobaini! Nikamwambia njoo ule. Akasema, nimekula kazini, Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Arobaini na moja. Nasikia kutoka chumbani, maana yule mwanamke wa kwenye mzani hana siri.

Shoga kaja kuazima ungo, akamwona, akasema mkweo kapauka. Nikamjibu, anajipunguza, vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Kwa sauti kubwa, ili asikie. Nilitaka asikie nini? Sijui. Ningemwambia tu: mwanangu, mimi nikilowesha miguu mafuta yanapungua, mashine hii ni chizi. Maneno machache. Mimi ambaye nikianza habari ya kuku naishia kwenye harusi ya mjomba!

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe kaanguka kazini. Walinipigia simu, nikaenda na viatu viwili tofauti.

Zahanati, chumba cha ndani, pazia la kijani, kitanda kina karatasi inayochakarika. Nesi mnene, mcheshi, kampima damu, kampima mkojo. Katoka, karudi. Akasema, dada, una mimba. Miezi mitatu inakaribia.

Mkwe akageuza shingo. Akaniangalia mimi.

Nesi akauliza, umekula nini tangu jana? Chai. Na juzi? Chai. Kwa nini? Akaeleza habari ya mzani, arobaini na moja. Nesi akacheka, lakini kwa huruma. Akasema ule mzani mafuta hauyaoni. Unapitisha umeme kidogo sana, unapanda mguu huu, unashukia ule. Penye maji unapita upesi, penye mafuta unasuasua. Hapo mzani unakisia. Mtu kakauka kwa jasho, unamhesabia mafuta. Na mwenye mimba ndio haumwelewi kabisa, hata wenye kuutengeneza wanakataza. Hata mashine kubwa za hospitali, akasema, nazo zina kukosea kwake, ila kidogo. Ukitaka ujipime, jilinganishe wewe na wewe, saa ileile, siku nyingi, wala si na mama mkwe! Na mwanamke bila mafuta hakuna mtoto, mafuta ni akiba yake.

Akanigeukia. Bibi, wewe waliujaza umri gani? Nikasema mwanangu alijaza hamsini. Mimi nina wajukuu wenye ndevu! Akasema, basi namba yako ni ya mwanamke mwingine, sijui yuko wapi.

Halafu akauliza, dada, nani alikwambia umenenepa?

Nilitamani karatasi ile ya kitandani initafune.

Mkwe akasema, mzani.

Mzani tu. Hakunitaja.

Jumamosi, 8 Machi

Mkwe kaamka. Kanisalimia vizuri. Shikamoo yake ilikuwa ileile. Ingekuwa afadhali anitukane.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi alikula yai nusu. Nikamwambia, si umesikia nesi? Akasema, nimesikia, Mama, nimeelewa yote, lakini namba ile haitoki kichwani. Nikataka kumwambia hapohapo kwamba si namba, ni mimi. Nikamwambia ongeza chumvi.

Alipoingia kuoga nikatoa betri za mzani. Nimezitia kwenye sidiria.

Sasa niko chumbani, mlango umebaki wazi kidogo, nanong'ona. Ametoka kuoga. Anapanda mzani. Kimya. Anashuka, anapanda. Anaugeuza, anafungua kile kifuniko cha nyuma. Anatazama mlango wangu. Kaniona? Hajaniona.

Niinuke. Niseme, mwanangu, ninazo hapa, na lile neno la Jumapili nalo ninalo, njoo tukae. Ni hatua chache tu. Mdomo umekwenda wapi leo?

Anachukua rimoti ya televisheni. Anaifungua kwa ukucha. Zinaingia, hizo betri — za ukubwa uleule.

Mwanangu! Hapana, hilo nimeiambia simu tu, sauti haikufika ukumbini. Zangu zimepata joto hapa kifuani.

Anavua ndala.

Ti.