Uzio wa Bi Yost

Larrabee Run, Pennsylvania
Desemba 14

Dada yangu mpendwa Roxanne,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Hector na huyo mtoto mliyempa jina la mji. Huku tu wazima, kwa kiasi chetu. Mama anakohoa kila theluji ikianguka na hataki kusikia neno daktari. Baba goti linamsumbua, ila usimwambie nimekuandikia hilo, atasema natangaza habari zake mpaka jangwani. Nasikia huko Arizona watu wanavaa kaptula mwezi huu. Siwaonei wivu. Mtu asiyeweza kuwasha jiko la kuni kwa njiti moja ya kibiriti mimi simhesabu, na shemeji anisamehe.

Najua unashangaa mimi kushika kalamu. Shule niliiacha darasa la kumi, na mwalimu wangu aliniaga kwa furaha iliyopita kiasi. Lakini haya hayasemeki kwenye simu, maana simu iko jikoni na Mama ana masikio. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho. Habari kubwa ni kwamba Mzee Orrin Stambaugh alifukuzwa kwenye kambi yetu ya kuwinda baada ya miaka arobaini na mmoja, na kitanda chake, kile cha chini karibu na jiko, wakataka kunipa mimi.

Naanza na habari njema, yaani mimi mwenyewe. Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda, saa moja na nusu asubuhi, nilimpiga kulungu dume mwenye pembe za ncha nane. Risasi moja. Unakumbuka vipande vitatu vya mashati yangu vilivyopigiliwa misumari ukutani kule kambini, kimoja kwa kila mwaka niliokosa shabaha, na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa ili hata mgeni asome? Mwaka huu shati langu limebaki zima. Wale wawindaji wa mjini waliopanga kambi ya jirani walikuwa wamejipaka mkojo wa kulungu jike wa kwenye chupa ili wavute madume, mpaka wakanuka kuliko jike mwenyewe, na hawakuona hata mkia. Nilipita mbele yao nikimburuta dume wangu taratibu sana. Kulikuwa na njia fupi zaidi. Sikuitaka.

Sasa wazee wetu. Unawajua, lakini umekaa mbali, huenda umeanza kuwakumbuka kwa mapenzi. Acha nikuponye. Kila mwaka serikali inatoa vibali vya kupiga majike, kwa sababu kulungu wamezidi msituni. Kila mwaka wazee wa kambi yetu wanavinunua vibali hivyo, wanakaa kuzunguka jiko Jumapili ya kabla ya msimu wakiwa wameshiba chapati za ngano nyeusi, kisha wanavitia motoni kimoja kimoja, wamevua kofia kama wako kanisani. Kwao, kumpiga jike ni sawa na kumpiga mama wa mtu. Wanaamini wameokoa majike sita na kuwashinda wataalamu wa serikali. Wataalamu wanajua kabisa kwamba vibali vingine vinachomwa, kwa hiyo mwaka unaofuata wanatoa vingi zaidi. Wazee nao wanavinunua hivyo vingi zaidi. Hiyo ndiyo akili inayotuongoza, Roxanne.

Mwezi wa nane kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa zimamoto. Aliyeuitisha ni Bi Marlene Yost, mtaalamu wa wanyama wa kampuni inayotukodishia msitu. Huyu naye ana namna yake ya kuudhi. Anaongea polepole kama analisha mtoto uji, na ana picha na chati mpaka unasinzia umesimama. Kisa chake chote ni uzio. Miaka kumi na mmoja iliyopita alizungushia seng'enge ndefu kipande cha msitu, nusu ya uwanja wa mpira, ili kulungu wasiingie. Sasa ndani ya uzio eti kumejaa miche ya mialoni na micheri na maua, na nje ya uzio hakuna ila kangaga, kwa vile kangaga ndilo jani pekee ambalo kulungu hawaligusi. Anasema majike wasipopunguzwa, miti mizee ikifa haitakuwa na watoto wa kurithi mahali pake.

Wazee hawakuamini hata nukta. Vern, yule mpishi wetu mwenye tumbo, alisimama akasema ujanani alikuwa akihesabu kulungu hamsini kabla ya kahawa ya pili, na siku hizi anahesabu kindi, sasa hao waliozidi wamezidi wapi. Bi Yost akamwuliza anakaa wapi akiwinda. Vern akasema palepale alipokaa tangu zamani, kwenye kisiki kando ya barabara. Bi Yost akamwuliza kama pale kisikini pamebaki kitu cha kulungu kula. Vern akajibu kwamba yeye anapikia watu saba wasio na shukrani, kulungu wajipikie. Ukumbi mzima ukacheka, na Baba akapiga meza kama vile hoja imeshinda.

Ndipo Mzee Orrin akasimama. Alisema ndani ya uzio huo kunamwagwa mbolea kwa siri, kila mtu anajua, na kwamba iko siku atautafuna ule waya kwa meno yake mwenyewe, yale machache aliyobakiza. Watu walimshangilia. Kumbuka kauli hiyo, maana ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa kumi Bi Yost alikuja kambini na kipande cha waya mkononi. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani kati ya sufuria ya maharage na mkate, akasema uzio umekatwa, kulungu wameingia, na kazi yake ya miaka kumi na mmoja imeliwa. Kisha akatoa barua ya kampuni. Aliyekata atajwe na atoke kambini, la sivyo mwezi wa kwanza hatukodishiwi tena.

Alipoondoka, Baba, kama mkuu wa kambi, aliwaangalia wote mezani, akamwuliza Mzee Orrin kama ni yeye. Mzee Orrin aliweka kijiko chini. Akasema kama mtu aliyekula naye miaka arobaini na mmoja anahitaji kumwuliza swali hilo, basi na achague jibu analolipenda. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kiburi kitupu. Baba naye, ambaye kwa kiburi hashindwi na mtu kaunti hii, akamwambia basi abebe godoro lake. Akalibeba. Wanaume wawili wazima, marafiki tangu hawajaota ndevu, wakaachana kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno la kawaida.

Siku ile ya dume wangu, nilipofika barabarani nikimburuta, nilimkuta Mzee Orrin kwenye pikapu yake. Amevaa fulana yake ya rangi ya chungwa, bunduki iko kwenye mkoba, anakula mkate baridi wenye soseji. Alikuwa hawindi. Alikuwa ameegesha tu mahali ambapo mlango wa kambi unaonekana. Alishusha kioo, akamtazama dume kwa muda mrefu, akasema, "Umempiga nyuma mno, dogo. Umeharibu paja." Nikamwambia bora mimi nimepiga kitu. Akapandisha kioo. Nikaendelea kuburuta, na njia fupi ile nikaitafuta haraka.

Halafu, Jumamosi ya pili ya msimu, wakaamua kupiga kura kuhusu kile kitanda. Mimi nimelala sakafuni penye kuni tangu nina miaka kumi na miwili, na panya wananijua kwa jina. Walisema sasa nina dume, nimekuwa mtu.

Sasa, Roxanne, kama umembeba mtoto, mweke chini. Waya niliukata mimi.

Usifikiri niliwafanyia wazee. Wazee nawadharau, nimekueleza kurasa mbili nzima. Nilikuwa nimejigamba kwa vijana wenzangu kiwandani, pale tunapopasua mbao, kwamba nitaifichua mbolea ya Bi Yost. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikifungua tundu, kulungu wataingia, watakula, na kama kweli kuna mbolea, miche itachipua tena upesi na siri itajulikana. Mwezi wa tisa nikaenda mchana kweupe na koleo la Baba la kukatia waya, lile lenye mpini mwekundu, nikakata.

Niliingia mwenyewe kabla ya kulungu. Roxanne, mialoni ilikuwa imenifika kifuani. Micheri ilikuwa imesongamana hata sikuona viatu vyangu. Kulikuwa na maua meupe nisiyoyajua, na nyuki, na mimi nimezaliwa katika msitu huu na sijawahi kuuona hivyo. Nilitafuta gunia la mbolea. Nilitafuta mpira wa maji. Nilipata vijiti vyenye namba ndogo ndogo zilizoandikwa kwa penseli, basi. Nilikuwa na koleo mkononi, na waya ungeweza kufungwa tena kwa dakika kumi. Sikuufunga, kwa sababu nilikwishawaambia vijana.

Wiki mbili baadaye vilibaki vishina vilivyotafunwa, kama miswaki ya mzee. Hakukuchipua kitu. Na yule dume wangu wa ncha nane niliyekusumbua naye hapo juu, nilimpiga akitoka kwenye tundu nililolikata mimi. Kijiti kilichotafunwa kilikuwa bado mdomoni mwake. Wawindaji wa mjini wananunua mkojo wa chupa. Mimi nilimpikia kabisa, na chungu kilikuwa cha Bi Yost.

Kwa hiyo siku ya kura, Vern, aliyekuwa akisoma majina, alipofika kwenye langu, nilikuwa na chapati mdomoni. Nikameza. Nikasema ni mimi. Vern alicheka, akasema mimi hata kopo la maharage nalifungua kwa msaada. Baba hakucheka. Aliniuliza nilitumia nini kukata. Nikasema koleo la mpini mwekundu. Alivaa koti, akaniashiria niingie kwenye pikapu.

Mzee Orrin tulimkuta nyuma ya nyumba yake akipasua kuni. Baba akamweleza, akitazama kuni muda wote. Mzee Orrin akatua shoka, akasema kwamba tangu afukuzwe anakunywa bia za bure kwenye baa kwa kuwa shujaa aliyekata waya, hajakataa hata glasi moja, na sasa Baba amekuja kumharibia heshima kwa ajili ya mpumbavu mmoja. Baba akamwuliza atarudi au harudi. Akasema anaweza kurudi, kama Baba atalibeba godoro yeye mwenyewe na kulipitisha mlango wa mbele. Mimi niliposogea kusaidia, akaniambia nisiliguse, mikono yangu imeshafanya ya kutosha. Baba akalibeba mgongoni, na goti lile, mpaka kwenye pikapu. Tulipofika kambini akalibeba tena.

Halafu akanigeukia. Alisema atawapigia simu watu wa kampuni mwenyewe na kuwapa jina la mwanawe. Alisema mimi kila Jumapili nitakwenda kufanya kazi kwa Bi Yost mpaka atakaposema basi. Na alisema nitarudi kulala kambini siku ambayo mche wa kwanza ndani ya uzio utafika kwenye mkanda wa suruali yangu. Wazee wote walisikia. Hakuna aliyetaja mbolea.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Bi Yost hakunikaripia. Alinipa glavu, tukashona waya kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi, na akiongea ni polepole vilevile, anaudhi vilevile. Kumbe kila mwaka anapiga majike wawili na kujaza friza, na analenga vizuri kuliko Vern, jambo ambalo si kazi kubwa. Nikamwuliza mche unachukua muda gani kufika kwenye mkanda wa mtu. Akanitazama kimo changu, akasema, kama kulungu watazuiwa na mizizi haijafa, miaka tisa. Nitakuwa na miaka ishirini na minane, dada yangu. Nilimpa jibu la kifidhuli, nikaendelea kushona.

Kabla ya kuondoka tulipata mche mmoja ulio hai, mwaloni, chini ya theluji. Niliporudi nyumbani, Baba alikuwa mezani na gazeti. Nilimwambia tumepata mche mmoja, naye bila kuinua uso akaniuliza mche huo una urefu gani. Nikamwambia kama kidole gumba. Akafungua ukurasa mwingine. Akasema nikienda Jumapili niupime tena.

Basi nisikuchoshe zaidi. Mama anakusalimu na anauliza kama sweta lilimtosha mtoto. Msalimie shemeji Hector, mwambie akija huku nitamfundisha kuwasha moto, huwa nina nafasi siku zote ila Jumapili. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na barua hii ukimaliza ichane.

Ni mimi mdogo wako, mwenye shati zima,
Lonnie Haverly