Sababu ya Kuiharakisha Nikahi ya Aliya

Mkomani, Amu,
17 Novemba 2025.

Mpendwa Ami Mukhtar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na Bi Twahira na watoto. Goti lako limepoa? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mola, isipokuwa baba, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nikahi ya mdogo wangu Aliya imefanywa sasa, ilhali tulipanga iwe baada ya Ramadhani. Nilikujibu juu juu kwa kuwa baba alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Jirani yetu Bakr anasafiri kuja huko kesho, nikaona bora nikuandikie nimpe akuletee.

Unajua baba alivyokonda tangu ile saratani ya tumbo igunduliwe. Saa yake ya mkono sasa hupanda hadi kiwiko. Mimi nilidhani ni chakula tu. Nikampikia supu, nikamkorogea yale maziwa ya makopo uliyotuma, na akikataa nilimgombeza kama mtoto. Siku moja alikula ili kuniridhisha, akatapika yote, kisha akaniomba msamaha. Aniombe msamaha mimi!

Mwezi uliopita tulirudi Mombasa kwa Daktari Hadil, akampima damu. Baba alipotoka kwenda kupumzika, daktari alinieleza majibu. Protini iitwayo albumini imeshuka sana, na kipimo kinachoonyesha mwili unavyowaka kwa ndani kimepanda. "Si kwamba hamumlishi," aliniambia. "Ugonjwa wenyewe unayeyusha misuli yake, hata akila." Nililia, Ami, nusu kwa huzuni, nusu kwa kutuliwa mzigo.

Nikamwuliza amebakiwa na muda gani. Akasema vipimo hivyo husaidia kukisia, si kuapa. Wagonjwa wengi wenye damu kama yake hawapiti miezi mitatu, wachache hupita. Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, alisema, lakini tujipange.

Wewe ulikuwa umeniusia nisimwambie baba lolote la kumvunja moyo. Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu, baada ya sala ya alasiri, akaniuliza mwenyewe: "Usinifite, mwanangu. Ile damu yasemaje?" Nikashindwa kumficha, nikamwambia yote. Niwie radhi kwa kuuvunja wasia wako.

Hakulia. Alivuta uradi kidogo, kisha akauliza Ramadhani ni lini. Nikamwambia ni katikati ya Februari. Akahesabu kwa vidole.

"Basi mwiteni Kamaludin na wazee wake," akasema. "Nataka kumuoza Aliya kwa ulimi wangu."

Ijumaa iliyopita akamuoza. Picha umeziona, ila picha hazina sauti. Tulifanyia nyumbani kwa sababu hawezi kutembea hadi msikitini, na sisi wanawake tulikuwa ghorofani tukisikiliza. Alianza, sauti ikakatika. Tukadhani kadhi atamalizia. Akavuta pumzi, akaanza upya tangu mwanzo, na akafika mwisho mwenyewe. Kigelegele cha kwanza nilikipiga mimi, huku machozi yananitiririka.

Tangu hapo simlazimishi kula. Akitaka vijiko viwili vya uji, ni hivyo viwili. Amepewa dawa za kichefuchefu na za maumivu, na nashukuru analala vizuri. Makopo usitume tena, Ami.

Najua mkataba wako unaisha Machi. Tafadhali usingoje Machi. Jana nilimwuliza baba nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema: "Mwambie Mukhtar simwiti aje kuniuguza. Mwambie nina hamu naye."

Nisalimie sana Bi Twahira, na Madi na Ummu uwabusu. Aliya na Kamaludin wakupa mkono. Mola akusahilishie safari, na atukutanishe sote tukiwa hai.

Ni mimi mwana wa nduguyo, nikupendaye,

Ruwaida