Nondo Iliyogusa Waya

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo nyumbani, wewe na wapwa zangu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaumwa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kuja.

Kijiko, fundi mwenzangu, amefumbua macho. Mkono wa kulia wameukata kwenye kiwiko. Utani haujamtoka: amemwambia muuguzi kwamba kazi ya kunawa imepungua nusu. Mkewe alicheka, kisha akatoka nje kulia.

Unazijua zile nyaya zinazopita mbele ya jengo letu. Fundi akipandisha nondo vibaya, anazigusa. Tulikataa kupanda. Mumeo, akiwa ndiye msimamizi wetu, akatuapia kwamba watu wa umeme wameikata laini kwa ombi lake, na hawatairudisha mpaka aseme yeye. Tukachungulia duka la jirani, taa zimezima, tukaamini. Kumbe hakuomba lolote. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kama kawaida yake, naye akaona apitishie kazi hapo hapo.

Jana shemeji alikuja hospitalini. Akaniomba niwaambie wakaguzi kwamba Kijiko alipanda kwa kiherehere chake. Akanikumbusha eti damu ni nzito kuliko maji.

Yeye sikumshangaa sana. Aliyenikata maini ni wewe, dada. Asubuhi ile ya ajali ulinipigia simu, ukataka niache kila kitu nije kukusaidia kusogeza kabati. Nilishuka nikinung'unika. Tukiwa tumelishika, taa ya sebuleni ikawaka. Hukufurahi kama watu wanavyofurahi umeme ukirudi. Uliliachia kabati likaniangukia mguuni, ukaniuliza kama Kijiko naye ameshuka. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametuletea habari yoyote.

Ulijua. Mumeo alikuwa amekwambia, nawe ukaona umwokoe wa tumbo moja na wewe. Namba ya Kijiko unayo. Si ndiye aliyekuezekea jiko? Napaswa kukushukuru kwa uhai wangu, lakini asante hiyo haitoki, na inaniuma.

Kesho nitawaeleza wakaguzi yote, ya mumeo na ya kabati. Watoto wakiniulizia, waambie mjomba yuko hospitalini anamlisha rafiki yake.

Ni mimi mdogo wako, uliyemshusha peke yake.