Mvinyo wa Shamba Lisilokuwepo

Mkolani, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Nauliza kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe haujatulia. Mimi mwili hauna neno. Kazi ya injini za boti inakwenda, na mikono inanuka dizeli hata nikiisugua kwa sabuni ya unga. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini nisikufiche: nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Unajua ninavyokuwa msimu wa mvinyo mpya ukifika. Hapa karakanani wananiita Padri, maana kwao mvinyo ni kitu cha altareni na mwanamume anakunywa bia. Basi na wacheke. Zabibu zikishavunwa huko kwetu Dodoma mimi situlii. Nawasumbua makondakta wa mabasi wanitajie kiwanda gani kidogo kimeshafungua mapipa, mwekundu umetokaje, mweupe umelainika au bado unang'ata. Nikipata chupa ya kila kiwanda naonja, nabishana na nafsi yangu, naonja tena. Halafu nangoja wa nyumbani, ule mnaoukamua wenyewe kutoka kwenye mizabibu aliyopanda marehemu baba, kwa kuwa huo ndio ninaopimia mingine yote.

Safari hii niliungoja kuliko wakati wowote. Nilikuambia naenda Nansio kujitambulisha kwa wazazi wa Veronika, na sitaki kwenda na kreti ya soda kama kila mtu. Nilitaka baba naye awepo kwa namna yake. Ukanijibu kwenye simu kwamba nitapata wa shamba la baba yangu. Sanduku likaja kwa basi, chupa zimefungwa kama siku zote: nta ya mshumaa mwekundu juu ya kizibo, na katikati alama ya kidole gumba chako. Tangu baba atuache ni wewe peke yako unayebonyeza nta ile, na ukishabonyeza, nyumbani kwetu hakuna anayeuliza kilichomo ndani.

Moja niliifungua hapa Mkolani. Ulikuwa mtamu mtamu, hauna ule ukali unaobaki kwenye fizi. Nikasema mvua ya mwaka huu ilizidi. Nikamweleza hata Veronika, kwa ufundi mwingi, jinsi mvua inavyoharibu zabibu, naye akaitikia kwa adabu. Nikiyakumbuka maelezo yale natamani kujificha.

Tukavuka kwa kivuko hadi Nansio. Baba yake Veronika ni katekista, mtu wa maneno machache, na nyumbani kwake uongo hauna mahali pa kukaa. Tulikula sato kwa ugali wa muhogo, kisha nikasimama na chupa. Nikawaeleza shamba lilivyo nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, na jinsi baba alivyochimba kila shimo kwa mkono wake. Mzee aliguswa. Akaomba watu wote wasimame, akamwombea baba pumziko la milele, ndipo tukanywa. Mama, watu wasiomjua walisimama kwa ajili ya baba.

Mjomba wa Veronika, anayeendesha lori la dagaa kwenda huko kwetu, hakuugusa mvinyo. Alikuwa ananitazama tu. Baadaye akauliza kwa upole, “Kijana, ni lile la nyuma ya kanisa, penye tangi la bluu?” Nikasema ndilo. “Pale mizabibu iling'olewa tangu mwaka juzi. Zimejengwa nyumba. Mimi huwa nalaza lori pembeni ya ukuta wao.”

Nikacheka, nikamwambia labda amechanganya makanisa. Akanitajia duka la mama Yeremia lililo mkabala, na mbwa wake kilema. Hapo nikaacha kucheka.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee aliweka glasi yake chini ikiwa bado na mvinyo, akasema, “Sijasema wewe ni mwongo. Nasema sijamjua bado anayesema kweli kwenu.” Mazungumzo ya posa yakaishia hapo.

Nilimpigia kaka Amosi nikiwa gatini. Alikana, mwisho akachoka kukana. Shamba mliliuza. Mvinyo mliununua kwa watu, mkaumimina kwenye chupa zetu, msimu huu na ule uliotangulia, nami nikawa nausifia kwenye simu huku mkinisikiliza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Ni mama aliyekataa uambiwe. Alisema shamba likiisha hutakuwa na sababu ya kurudi.”

Mama, kuuza ningeelewa. Goti linataka hospitali, kaka ana watoto, mji umewafikia mlangoni. Uongo wa kaka nao ningeumeza, ni kawaida yake. Lakini kidole kilikuwa chako. Ulikaa, ukayeyusha mshumaa, ukabonyeza, huku unajua. Krismasi iliyopita nilipotaka kwenda shambani ulinishika mkono, ukasema limepuliziwa dawa, nisubiri kidogo. Nikasubiri mpaka likizo ikaisha. Umenisaliti, mama, na sina neno jingine la kulipunguza hilo.

Tena kinachoniuma kupita vyote ni kwamba uliniona mtu wa kuvutwa nyumbani kwa chupa. Mvinyo naupenda, sikatai, lakini hata dukani upo. Nilikuwa nakuja kwako.

Nisalimie shangazi Merina, aliyekuwa akitufukuza tukiiba zabibu, umwulize macho yake yanaendeleaje. Nisalimie shemeji Tabitha, mke wa kaka, na watoto wote. Kaka Amosi salamu zake zitakuja nikipoa. Veronika anakusalimu. Hajaniacha, ila siku hizi ananijibu kwa mkato, na simlaumu.

Mzee wa Nansio amekubali kutupokea tena, kwa sharti kwamba mama yangu awepo na aseme kwa kinywa chake. Nakuomba uje. Nitakupokea stendi, na tutavuka pamoja. Najua hujawahi kwenda ugenini bila kubeba kitu. Safari hii, mama, njoo mikono mitupu.

Ni mimi mwanao, nisiyepoa bado,
Elia