Samaki wa Pongezi

Nangurukuru, Kilwa
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Tawakali,

Shikamoo kaka. Najua hapo ulipo umeshaitikia marahaba kimoyomoyo, maana hujawahi kuacha kuamkiwa kupite bure. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Songo Mnara, wewe na wifi yangu Warda na watoto, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Magoti yanalalamika nikisimama, nyusi zimeota tena zote mbili na safari hii zinalingana, na kibanda cha chai kinaendelea kunilisha na kuninenepesha, hasa kuninenepesha.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi kama tumo shule ya bweni. Nimekupigia tangu Jumapili, na yule mwanamke wa kwenye simu anayesema hupatikani nadhani sasa ananijua kwa jina. Ndiyo nimempa Haruna wa boti akufikishie mkononi, pamoja na kifurushi. Nakuomba kama mdogo wako, kifurushi usikifungue kwanza. Soma.

Mambo ya moto ulinifundisha wewe, hilo hatuwezi kugombania. Ni wewe uliyechomoa spoku kwenye baiskeli ya baba, ukajaza vichwa vya kibiriti, ukagonga jiweni siku ya Idi mpaka kuku wa jirani wakahama. Nami nikaiga, nikaunguza khanga mpya ya marehemu mama, na viboko nilikula mimi huku wewe ukiwa juu ya paa unacheka. Ukaniita Cheche. Wenzangu wote walikua wakaacha. Mimi niliendelea, nikazeeka nayo, hata mwanangu akaja kuniomba kwa adabu kwamba kwenye harusi yake nisilipue kitu mbele ya wakwe.

Halafu likaja lile lori. Nilishakusimulia, lakini nisimulie tena kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoipenda. Lilisimama mbele ya kibanda changu, akashuka Josephat, msimamizi wa kampuni ya Dar inayorusha fashifashi angani kwenye harusi na mkesha wa mwaka mpya. Akaniomba chai, kisha akaniomba nizime jiko, kwa sababu mzigo wake haupatani na cheche. Mwenye akili angekasirika. Mimi nilizima jiko, nikafunga kibanda, nikapanda lori. Kule Kilwa Masoko nilibeba ndoo za mchanga usiku kucha, na Josephat akasema hajawahi kupata kibarua anayekuja na chapati zake mwenyewe.

Tangu hapo akiwa na kazi huku kwetu, Lindi au Mtwara, ananiita. Akanipeleka mafunzo Dar, nikakaa darasani na vijana walioniita bibi. Mtihani wa kuandika nilifeli, nikarudia, nikapita. Niliambiwa kwamba mchezo wangu ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine, na tofauti yake ni kwamba kwenye kazi unajua kabla ya kuwasha ni nani amesimama wapi. Yakabaki maonyesho ya mwisho tu: niyaongoze mimi mwenyewe, Josephat akiwa nyuma yangu amefunga mikono. Nikivuka, ananidhamini, napata kibali kwa jina langu kwa pwani yote hii. Nilipokuletea habari hizo ulinikumbatia, ukasema, "Cheche, sasa utaula moto badala ya moto kukula wewe." Nililia njia nzima kwenye boti, Haruna akadhani kuna msiba.

Harusi ya Jumamosi pale Masoko ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe. Wewe unajua pwani yetu kaka. Hapa mshindo ukisikika majini, doria inawasha mashine kwanza na kuuliza baadaye, kwa ajili ya wale wanaovua kwa baruti. Kwa hiyo ilibidi nikawaarifu mapema kwamba mishindo ya usiku ule baada ya isha ni ya halali, ni yangu mimi, wasihangaike. Na sheria ya kazi inataka bahari iliyo mbele ya mabomba ya kurushia iwe tupu, asiwepo hata mwenye ngalawa ya mwanasesere. Anahitajika mtu wa kuaminika akae na boti huko nje kuwafukuza watu. Josephat aliniuliza ninaye nani. Sikumaliza hata kumeza mate, nikakutaja wewe.

Ulikubali, ukaniambia nikupe ishara ya tochi huko majini kila yanapokaribia yale makubwa yenye mshindo, usije ukashtuka na moyo wako huo. Nami nikakupa. Nilikuwa nawasha na tochi, nawasha na fashifashi, mikono miwili kama mchezaji ngoma.

Ilikuwa nzuri kaka. Yale ya dhahabu yaliponing'inia juu ya maji, bibi harusi alisahau kwamba anatakiwa aone haya, akafunua uso wote. Lakini kwenye yale makubwa kuna kitu kilinigusa. Fashifashi inakupiga kichwani na kifuani, kutoka juu. Mimi nilikuwa nasikia pia kitu kinapanda kutoka mchangani, kwenye nyayo. Nikasema hayo ni magoti, uzee ndiyo umefika mbele ya watu. Nikawasha jingine. Nikakupa tochi.

Asubuhi ufukwe ulikuwa mweupe kwa vidagaa vilivyokufa, matumbo juu. Kamati ya ufukwe wakaja, doria wakaja, na wote wakaja kwangu, kwa kuwa nilikwishawaambia kwamba mishindo yote ya usiku ule ni yangu. Nilijifunga kamba kwa mdomo wangu mwenyewe. Kuna mzee alisema mbele yangu kwamba siku hizi wavuvi wa baruti wamepata wanawake wa kuwapigia ngoma. Josephat hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikunja karatasi ya udhamini akairudisha mfukoni, akasema kibali kinangoja mpaka nifike mbele ya wakubwa wa serikali Lindi nijieleze.

Nikiwa bado nakusanya maganda ya fashifashi mchangani, akaja wifi Warda na kikapu, uso unang'aa, maskini wa Mungu. Akasema umeniletea kitoweo, samaki wa pongezi kwa fundi wa fashifashi. Changu wazuri, wanene, wote macho mekundu. Nikamshukuru, nikaketi kuwaparua.

Kaka, umesahau nani alitulea? Mama aliuza samaki mpaka vidole vikapinda. Kabla hujajua kusoma ulijua kubonyeza samaki na kumfungua tumbo. Changu wa kwanza nilimpasua, mgongo ukatoka vipande vipande, damu imevilia kando ya uti, kibofu cha hewa kimechanika, alama zile zile za samaki wa baruti. Nikamfungua wa pili. Nikawafungua wote, nikitafuta mmoja tu wa ndoano, nikukosee heshima kwa kukudhania vibaya kisha nije kukuomba radhi. Sikumpata.

Hapo miguu yangu ikanikumbusha. Bahari niliisafisha mimi, doria niliituliza mimi, na kila ulipotaka kurusha baruti yako nilikumulika kwa tochi. Nilikaa siku mbili nikitafuta njia nyingine ya kuyapanga mambo haya, na kila njia inakupitisha wewe.

Jambo lililonikalisha kitako ni hili, na nitalisema mara moja tu. Kuvua baruti, wengine wamevua, wengine mikono imebaki huko. Lakini baadaye uliniletea nile.

Sasa sikiliza. Jana nilikwenda Lindi. Nilimchukua changu mmoja, aliyepasuliwa na kutiwa chumvi, nikamweka mezani mbele ya wakubwa. Wakaniuliza nani amemvua. Nikataja jina lako lote, na la baba. Yule mkubwa ni mtu mpole, aliweka kalamu chini akaniambia nifikiri, maana ni kaka yangu, je nina uhakika. Nikamjibu, "Ndiyo, ni kaka yangu. Ndiyo maana nina uhakika."

Watakuja huko Ijumaa baada ya swala. Kama unataka kutangulia kwenda mwenyewe kabla hawajakufuata, Haruna nimemwomba akusubiri hapo na boti mpaka jioni, na nauli si juu yako. Kibali changu hawajaniambia kama kitatolewa. Josephat alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea kikapu.

Kwenye kifurushi yumo changu mwingine, mkavu, amefunguliwa kama mama alivyokuwa akitufungulia. Mtazame mgongo. Kisha mwonyeshe Warda, maana mimi sikuwa na moyo wa kumwambia, na yeye amewapikia watoto samaki hao hao.

Nisalimie wanangu wote, mdogo mwambie shangazi bado anamdai shilingi ya jino. Wifi mwambie kikapu chake nimekiosha, kitamfikia. Wewe jifunike kifua, jioni huko kuna upepo.

Mimi mdogo wako,
Mwahija, uliyemwita Cheche.