Majembe Chini ya Maji

Shikamoo Mama,

Niko Kirua Vunjo, ndani ya ukungu mzito, kwa Mama Aika anayesimamia mashine ya kumenya kahawa. Injini ya dizeli imeng'olewa. Sasa mashine inazungushwa na maji ya mfereji wa mababu, bila moshi wala kelele, kama tulivyodai sisi wanafunzi chuoni. Lakini wafanyakazi wanataka dizeli irudi, kwa kuwa katika kimya hicho wanasikia majembe yakichimba mferejini pasipo na mtu.

Nilisimama kuwahutubia dhidi ya woga usio na hoja. Katikati ya hotuba nikayasikia mwenyewe, taratibu, chini ya maji. Nikaacha hotuba, nikainamia maji.

"Endelea, msomi," Mama Aika akasema, akiuonyesha mfereji kwa kidevu. "Na wao wanakusikiliza."

Kumbe maji yalifunguliwa bila mababu waliochimba mfereji kumwagiwa mbege. Nikabeba kibuyu mimi, mpinga matambiko, nikaimwaga pombe ile ya ndizi mferejini. Majembe hayakukoma.

"Basi wanafanya kazi pamoja nasi," Mama Aika akasema, akarudi kwenye kahawa yake. Wenzake wakamfuata, na dizeli haikutajwa tena.

Ukiniombea usiku huu, Mama, waombee na wao wa mferejini.

Mwanao akupendaye,
Zawadi